Bunduki ya 1882: Kuifyatua au Kuiweka?

Novemba 2014, wafanyakazi wa Hifadhi ya Taifa ya Great Basin, jimbo la Nevada, Marekani, walikuwa nyikani wakitafuta mabaki ya kale. Mmoja wao akaona kitu kimeegemea mti. Mti wenyewe ni wa ukoo mmoja na mtarakwa wa milima yetu. Kitu chenyewe kilikuwa bunduki. Mbao zake zilikuwa zimepauka na kupasuka hadi zikafanana na gome la mti, mtutu umeshika kutu, na kitako kimezama kidogo kwenye udongo.

Ilikuwa Winchester Modeli ya 1873. Namba iliyogongwa kwenye chuma ilipofuatiliwa kwenye daftari za kiwanda, ikaonekana ilitengenezwa mwaka 1882. Daftari hazikusema aliyeinunua ni nani. Mpaka leo hakuna aliyejua mwenyewe aliiegemeza pale lini, wala kwa nini hakuirudia.

Sasa tuseme wewe uko Marekani na umerithi ndugu yake. Babu amefariki, mnafungua kabati, na humo ndani mnakuta Winchester ya miaka hiyohiyo, ila yenu iko sawa: mbao ngumu, chuma kina rangi. Inafanya kazi. Unafanya nini nayo? Unatoka nayo siku moja kwenye uwanja wa shabaha usikie mlio wake, au unaipaka mafuta na kuirudisha kabatini isiguswe tena na mtu?

Najua kwetu swali haliji namna hiyo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na ukipatikana na bunduki bila cheti utaeleza vizuri sana mahakamani. Lakini swali lenyewe unalijua. Kuna mtu mtaani kwenu amenunua raba za Jordan na hazivai. Ziko kwenye boksi, karatasi yake ya ndani bado imekunjwa vile ilivyotoka dukani. Na wewe umewahi kumuuliza: sasa hizo ni viatu ama ni picha ya viatu? (Halafu baada ya miaka kumi na kitu soli inamomonyoka yenyewe humo humo ndani ya boksi. Soli ya povu haingoji mtu aivae ndiyo izeeke.)

Turudi kwa bunduki. Hii ni bunduki ya wenzo. Chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma, unausukuma mbele na kuurudisha: ganda tupu linaruka nje, risasi mpya inapanda, pini inakaa tayari. Leo ni kitu cha sinema, lakini wakati huo mtu mwingi alikuwa na bunduki ya kupakia risasi moja moja. Modeli ya 1873 ilitoka kiwandani zaidi ya mara 700,000. Mwanzoni iliuzwa karibu dola 50, na kufikia 1882 bei ilikuwa imeshuka hadi kama dola 25. Yaani ilikuwa kifaa cha mtu wa kawaida, kama jembe au baiskeli ya Black Mamba. Hakuna aliyeinunua ili aiweke.

Tabia ya kuziweka ilikuja baadaye, na sinema ilichangia. Mwaka 1950 kampuni ya Universal ilitoa filamu iitwayo Winchester '73, James Stewart akiwa nyota wake. Hadithi yenyewe ni ya bunduki moja ya daraja la juu, wanaume wanaiiba na kuuana juu yake. Katika miaka ya 1870 kiwanda kilikuwa kikichagua mitutu iliyopiga shabaha vizuri kuliko mingine na kuiuza kwa bei ghali chini ya jina la One of One Thousand. Za Modeli ya 1873 zilikuwa kama 130 tu. Ili kuitangaza filamu, Universal iliwaomba watu watafute bunduki hizo popote zilipo. Watu wakaanza kupekua vibanda na darini. Chuma ambacho jana kilikuwa cha kufukuzia mbweha kikageuka mali.

Kampuni ikaona biashara. Mwaka 1966 ilitoa toleo la kumbukumbu la Modeli ya 94 kuadhimisha miaka mia moja, lenye dhahabu dhahabu za kung'aa. Zikauzwa zaidi ya 100,000. Zikafuata nyingine: ya Buffalo Bill, ya John Wayne, na kadhalika. Walionunua waliambiana: usiifyatue, usiitoe kwenye boksi, hata ule wenzo usiusukume, manake ukiusukuma mara moja tu chuma kinapata mstari na mnunuzi mwenye macho atauona. Shida ni hesabu. Kitu ambacho watu laki moja wamekiweka kwenye boksi hakiwezi kuwa adimu. Wengi waliongoja utajiri wakaishia na bunduki ambayo hawakuwahi kuipiga na ambayo pia hakuna anayeililia. Ukiniuliza mimi, hizo ndizo za kufyatuliwa kwanza. Hazina la kusimulia. Hata hayo maandishi ya dhahabu yanamsifu mtu ambaye hakuwahi kuishika.

Lakini ile ya babu ya 1882 ni jambo jingine, na hapa wanaosema "bunduki ni ya kupigwa, bwana" wanapaswa kunyamaza kidogo wasikilize chuma. Bunduki za Modeli ya 1873 zilibuniwa kwa baruti nyeusi, ile ya kizamani ya moshi mwingi. Viungo vya ndani vinavyoshikilia risasi wakati wa mlipuko havikuumbiwa nguvu ya baruti za leo zisizo na moshi. Ukiweka risasi ya kisasa yenye nguvu kisa tu inaingia, unaweza kupoteza bunduki na jicho siku moja. Ukitumia risasi sahihi ya baruti nyeusi, masizi yake yanavuta unyevu, na usiposafisha siku hiyohiyo kutu inaanza. Wamarekani makini humpelekea fundi wa bunduki kwanza apime, na wengi hatimaye hununua nakala. Uberti wa Italia wanatengeneza Modeli ya 1873 mpya kabisa, wenzo ule ule, chuma cha leo. Unaenda uwanjani na nakala, unaiacha bibi kizee ipumzike. Ni jibu la busara, ingawa kwangu linafanana na kumwacha nyanya nyumbani na kwenda harusini na mtu aliyevaa leso yake.

Kichekesho cha sheria: serikali kuu ya Marekani huhesabu bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 kuwa kitu cha kale, si silaha kwa maana ya sheria yake ya 1968. Kwa hiyo ya 1882 kisheria imekwisha kuwa pambo, hata kama risasi yake ingali inaua.

Kinachoharibiwa kwa kweli ni nini, mtu akiamua vibaya? Si bei, au si bei tu. Juni 1876, kando ya mto Little Bighorn, Montana, Walakota na Wacheyenne walimshinda Custer na kikosi chake. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja ule, na mwaka uliofuata wanaakiolojia wakapita na vyombo vya kutambua chuma. Wakapata maganda ya risasi mengi, yakiwemo ya bunduki za kurudiarudia za Henry na Winchester. Kila pini inapogonga fataki huacha alama yake, kama kidole kwenye kitambulisho. Kwa kufuata alama hizo waliweza kuona bunduki fulani ilipigwa hapa, kisha pale, kisha kule: mpiganaji mmoja, asiye na jina kwenye karatasi yoyote ya jeshi, akisogea kilimani. Na ukitaka kujua kama bunduki ya kwenye kabati la mtu ilikuwepo siku hiyo, huna budi kuigongesha tena kwenye fataki mpya ulinganishe alama. Hapo walinzi wa maboksi hawana la kusema. Mlio mmoja wa kitaalamu unaweza kuwa ndio njia ya kuisoma bunduki.

Anayefuta kumbukumbu basi huwa si mfyatuaji. Ni yule fundi mwenye msasa. Anaitwa aifanye iwe mpya, anasugua mbao, anapaka chuma rangi ya bluu, na kila mkwaruzo alioacha mtu unaondoka na vumbi. Wakusanyaji wa Kimarekani wanalijua hili na ndiyo maana bunduki iliyopakwa upya hushuka thamani vibaya sana. Nadhani wako sahihi, hata kama wanalipima kwa dola.

Nalifikiria hili kila nipitapo barabara ya Mombasa, pale nyika za Kapiti zinapofunguka. Aprili 1909, Theodore Roosevelt, ametoka tu urais, alishuka Mombasa, akapanda reli na kuteremka Kapiti. Miongoni mwa bunduki zake zilikuwa Winchester za Modeli ya 1895, za wenzo pia, zenye risasi nzito ya .405. Aliisifu kwamba ndiyo dawa ya simba. Kabla safari haijamalizika Khartoum Machi 1910, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512, wengi wakienda kwa makumbusho ya Smithsonian. Hizo nazo waliziita kuhifadhi.

Bunduki ya namna hiyo ikitokea mnadani leo, atauzwa Roosevelt. Sawa, jina lake ndilo lililo kwenye kitabu. Lakini safarini bwana alikuwa na wabeba bunduki, na mtu aliyeishika ile .405 saa nyingi zaidi kwa siku hakuwa rais. Alikuwa mtu wa huku, aliyetembea nayo begani juani, akampa mkononi kwa dakika mbili za simba, akaipokea tena na kuisafisha jioni. Pale mbao zinapong'aa kwa jasho la kiganja, kiganja hicho huenda ni chake. Hakuna daftari nyingine iliyobaki ya kazi hiyo. Mtu akipiga msasa pale, atamwacha Roosevelt vile vile alivyo kitabuni, na atamwondoa mwenzetu kabisa.

Kwa hiyo mimi sioni kosa mrithi akiipiga ya babu mara moja moja, kwa risasi inayoifaa, fundi akishaikagua, na akaisafisha kabla ya kulala. Babu mwenyewe alifanya hivyo. Ninachomwomba ni asiipendezeshe.

Ile ya Great Basin ilipelekwa makumbusho ya silaha ya Cody, jimbo la Wyoming. Kufyatua haikuwezekana tena, kwa hiyo mjadala ulibaki mmoja: kuirejesha ilivyokuwa 1882 au kuiacha ilivyoachwa. Wakaiacha. Walichofanya ni kugandisha vipande vya mbao vilivyokuwa vikibanduka, basi. Kutu ilibaki, mpasuko ukabaki, rangi ya kijivu ya jua na theluji ikabaki.

Wakaipeleka pia hospitali ya mji huo ipigwe eksirei. Ndani ya kitako kuna tundu la kuwekea vifaa vya kusafishia, na picha ikaonyesha kuna kitu humo. Ilikuwa risasi moja, ya aina iliyotengenezwa kati ya 1887 na 1911. Kwa hiyo mwenyewe, yeyote yule, alikuwa bado anatembea nayo angalau miaka mitano baada ya bunduki kutoka kiwandani, na alikuwa amejiwekea moja ya akiba. Kwenye mtutu hamkuwa na kitu. Aliiegemeza pale ikiwa tupu.