Upasuaji wa mgongo: Damu inapovuja pasipoonekana

MGONJWA wa diski ya kiuno hulazwa kifudifudi, naye daktari akaingilia mgongoni. Upande wa pili wa pingili, asikoona, hupita ateri kuu itokayo moyoni pamoja na vena kuu inayorejesha damu. Karibu na pingili ya nne ya kiuno ateri hiyo hugawanyika, tawi moja kwa kila mguu. Papo hapo, baina ya pingili ya nne na ya tano, ndipo diski huchomoza mara nyingi.

Koleo la kunyofolea mabaki ya diski likipenya milimita chache kupita kiasi, huweza kutoboa mishipa hiyo. Ajali hii ni adimu, kwani hukadiriwa kuwapata wagonjwa 1 hadi 5 katika kila 10,000 wanaopasuliwa diski. Lakini huua upesi.

Kinachotatanisha ni kwamba aghalabu kidonda cha mgongoni hubaki kikavu. Damu humwagikia nyuma ya matumbo huku daktari akidhani kazi yaendelea salama. Anayegutuka kwanza ni mtaalamu wa dawa ya usingizi: shinikizo la damu limeshuka ghafla, moyo wapiga mbio. Kungoja picha wakati huo ni kosa kubwa. Mgonjwa sharti ageuzwe chali, tumbo lipasuliwe na mshipa ubanwe, kisha ushonwe. Penye vifaa, tundu huzibwa kwa mrija maalumu unaopitishwa katika ateri ya paja.

Wapo wanaonusurika bila kujua. Ateri na vena zilizotobolewa pamoja huungana, na baada ya miezi au miaka mgonjwa huvimba miguu na kuhema, akatibiwa moyo ilhali chanzo ni upasuaji uliosahaulika. Madaktari Linton na White wa Boston, Marekani, walieleza kisa cha aina hiyo mwaka 1945.

Katika Bonde la Ufa, wengine hupasuliwa mgongo kwa sababu ya ajali za barabarani. Barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret ina sifa mbaya. Watu 36 walifariki Migaa, karibu na Salgaa, Desemba 31, 2017. Pingili zilizovunjika hukazwa kwa skrubu, na skrubu ndefu mno nayo yaweza kugusa ateri.

Nakuru ina kituo cha kieneo cha damu, jambo la maana hapa, kwa kuwa mgonjwa anayevuja ateri kuu hawezi kungoja kusafirishwa kilomita 160 hivi hadi Nairobi. Damu ya kundi lake hupimwa na kutengwa kabla ya kisu kushikwa, naye daktari awezaye kushona mishipa huwa karibu.