Kwa Nini Hawakuchemsha Maji

Kila nikiandika kuhusu utafiti wa kimaelezo kuna mtu ataniuliza: kwani kupiga stori na watu nayo ni sayansi? Nambari ziko wapi?

Sawa, nambari hizi hapa. Los Molinos, Peru, kijiji cha kama familia 200. Mhudumu wa idara ya afya, Nelida, alipewa kazi ya kuwashawishi kina mama wachemshe maji ya kunywa. Alizunguka miaka 2. Familia 21 alizitembelea mara 15 hadi 25 kila moja. Waliobadilika? Kina mama 11.

Ukiwa na hojaji ya ndiyo na hapana peke yake, hapo umekwama. Utaandika ati wanakijiji ni wakaidi, kisha uombe pesa za mabango. (Ripoti za aina hiyo tunazijua.)

Mwanaanthropolojia Edward Wellin, aliyechapisha kisa hiki 1955, alitaka kujua maji ya kuchemsha yana maana gani kwa watu wenyewe. Kumbe pale vyakula na vinywaji viligawanywa kuwa vya moto na vya baridi, na si ile baridi ya kushika kwa mkono. Maji mabichi yalihesabiwa baridi sana, hayamfai mgonjwa, kwa hivyo yake yanachemshwa. Sasa wewe mzima, unachemsha ya nini? Mama mmoja alichemsha kila siku, lakini kwa sababu alijulikana ni mgonjwa, vijidudu havikumhusu. Mwingine aliyekubali alikuwa mhamiaji kutoka milimani. Kijiji kilikuwa bado hakijampokea, basi hakuwa na jina la kupoteza.

Ninayempenda zaidi ni yule aliyekataa. Vijidudu visivyoonekana wala kuhisika vitamdhuru vipi mtu mzima? Na mbona havizami majini? Jamani, huyo anafikiri! Njaa na umaskini alikuwa anaviona, vijidudu hakuviona.

Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la huduma ya afya ya msingi, lilisema watu wana haki ya kushiriki kupanga huduma zao. Utamshirikisha vipi mtu ambaye hujamsikiza?

Kwa hivyo wewe unayeenda nyanjani mara ya kwanza, usianze na “mnachemsha maji?” Uliza, “hapa kwenu maji ya kuchemsha hunywewa na nani?” Halafu nyamaza. Kimya kitakuwasha, utataka kumsaidia kujibu. Usimsaidie.