Garaji: pipa «tupu» ya esansi inaweza kupasuka

Katika magaraji ya Goma, Bukavu ao Butembo, pipa ya litre 200 haitupwe. Inakatwa, inageuka mbabula, mlango ao tangi ya maji. Shida inaanza wakati fundi anasema: hii iko tupu.

Iko tupu kwa macho tu. Esansi kidogo inabakia kwenye maungio ya chuma, na mvuke wake, ulio mzito kuliko hewa, unalala chini. Mvuke usiofika hata 2 kwa 100 ndani ya ile hewa unatosha: cheche moja, kifuniko kinaruka na kumpiga mwenye kuinama juu yake. Mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi.

Mazuti nayo inadanganya watu. Ikiwa baridi, kiberiti hakiiwashe haraka, lakini moto wa kusude unapasha mabaki na yanatoa mvuke.

Kusukuta mara moja haitoshe. Pipa inaoshwa na maji ya moto na sabuni, kiisha inajazwa maji mpaka karibu na pa kukatia, matundu yakiwa wazi. Hata patasi na nyundo zinatoa cheche. Na kunusa si kipimo: pua inazoea harufu mbio.