Maji na Sukari Katika Mbio za Masafa Marefu

Mtu atazamaye mbio za marathoni siku hizi huona meza zimepangwa kando ya njia, kila baada ya kilomita 5 hivi, na juu yake vikombe vya maji. Huwaona pia wakimbiaji waliofunga mikanda viunoni, na ndani yake vipakiti vidogo vya jeli, yaani sukari iliyofanywa nzito kama asali, imezwayo bila kutafunwa. Mambo haya yaonekana kuwa ya kawaida, kana kwamba yamekuwako tangu zamani. Sivyo hata kidogo. Kwa miaka mingi maji yalihesabiwa kuwa adui wa mkimbiaji, na aliyeyaomba alihesabiwa dhaifu.

Tuanzie katika mji wa St. Louis, Marekani, tarehe 30 Agosti 1904, siku ya marathoni ya Olimpiki. Mbio zilikimbiwa alasiri, jua likiwa kali, katika barabara za vumbi jingi. Msimamizi wa michezo, James Sullivan, alitaka kujua jinsi mwili unavyostahimili kiu. Kwa hiyo maji safi yaliwekwa mahali pachache mno. Watu 32 waliondoka. Waliofika ni 14 tu. William Garcia alikutwa amelala njiani, vumbi alilolimeza limemjeruhi ndani, nusura afe. Thomas Hicks, aliyepewa ushindi, aliomba maji akanyimwa. Wasaidizi wake walimpangusa kinywa kwa sifongo, kisha wakampa ute wa yai uliotiwa striknini, sumu ambayo siku zile ilidhaniwa kuwa dawa ya kuchangamsha, na brandi juu yake. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 28, akiwa hajiwezi. Basi siku ile sumu iliruhusiwa na maji yakakatazwa!

Miaka 20 baadaye waganga wa Boston walitumia njia iliyo bora: walipima. Mwaka wa 1924 walichukua damu ya wakimbiaji waliomaliza marathoni ya mji huo, wakaona kwamba wale waliofika wamechoka kabisa, wamepauka na kuchanganyikiwa, sukari ya damu yao ilikuwa imeshuka mno. Mwaka wa 1925 waliwashauri wakimbiaji wale wanga kwa wingi kabla ya mbio, na peremende wakiwa njiani. Safari hii sukari haikushuka vile, na hali zao zilikuwa njema zaidi. Sababu yake ni wazi. Misuli na ini huweka akiba ya wanga, lakini akiba hiyo huelekea kwisha mtu akimbiapo kwa kasi muda wa saa mbili au zaidi.

Ungedhani kwamba habari hizo zilibadili mambo mara moja. La, desturi ilikuwa na nguvu kuliko ushahidi. Hata katika miaka ya 1950 kanuni za riadha zilimnyima mkimbiaji vinywaji katika kilomita za mwanzo, wala hakuruhusiwa kubeba chake mwenyewe. Mwingereza Jim Peters alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba yafaa mtu ajitahidi kukimbia bila kunywa. Mwaka wa 1954, huko Vancouver, aliingia uwanjani akiwa amewaacha wenzake kwa zaidi ya dakika 15. Joto la siku ile lilikuwa limemshinda. Alianguka, akainuka, akaanguka tena mara nyingi, mwisho akachukuliwa kwa machela asimalize. Hakushindana tena maishani mwake.

Mageuzi yalikuja polepole. Mwaka wa 1965 Robert Cade na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Florida, walichanganya maji, chumvi, sukari na maji ya ndimu kwa ajili ya wachezaji waliokuwa wakitokwa na jasho jingi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ikaja jeli, ambayo kipakiti chake kimoja aghalabu huwa na wanga gramu 20 hadi 25. Siku hizi kanuni zamruhusu mkimbiaji kubeba maji na chakula chake tangu mwanzo wa mbio. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, mwaka wa 2019, waendesha baiskeli walimpelekea kinywaji chenye wanga uliopimwa.

Lakini watu walipoacha kosa moja waliangukia jingine. Wakimbiaji waliambiwa wanywe kadiri wawezavyo, hata kabla ya kuona kiu. Maji yakizidi mno, chumvi ya damu hupungua, ubongo huvimba, na mtu aweza kufa. Katika marathoni ya Boston ya mwaka wa 2002 mkimbiaji mmoja alifariki kwa sababu hiyo. Wataalamu walipopima damu ya wakimbiaji 488 wa mbio zizo hizo, waliona kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa chumvi.

Twajifunza nini? Waliowanyima watu maji, na waliowahimiza kunywa kupita kiasi, wote walitaka wakimbiaji washinde. Kosa lao lilikuwa kuamuru kabla ya kupima. Kwa hiyo, ewe msomaji, uambiwapo kwamba jambo fulani ndiyo desturi ya mashujaa, uliza kwanza: nani amelipima, na alipolipima aliona nini?