Waliolipa Rabai

Mara ya kwanza kwenda Rabai sikuwa natafuta historia. Nilikuwa natoroka Jumapili.

Ilikuwa miezi michache baada ya kuacha chuo. Kanisani kwetu kulikuwa na ibada tatu, na kwa karibu miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kamera katika zote tatu. Saa kumi na mbili asubuhi niko pale naunganisha nyaya, saa tisa mchana ndio natoka. Malipo hayakuwepo, na mwanzoni wala sikuyataka. Siku moja niliomba nauli tu, kwa sababu mfuko ulikuwa umekauka kabisa. Nikaambiwa niuchunguze moyo wangu, mtumishi wa kweli hahesabu. Jumapili hiyo hiyo mhubiri mgeni aliondoka na bahasha, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa gari.

Wiki iliyofuata sikwenda. Nilipanda matatu hadi Mazeras, nikachukua boda, nikashuka mbele ya kanisa la kale la Rabai ambalo siku hizi ni jumba la makumbusho. Hapo ndipo tunapoambiwa shuleni kwamba Ukristo wa Kenya wa nyakati hizi ulianzia. Nilienda nikiwa na hasira, nikiwa na swali moja: hawa watu walikuja kutafuta nini hasa?

Hebu tuanze na Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe, Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai mwaka huo Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa iliwachukua wote wawili, mama na mtoto, ndani ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Aliwazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kisha akawaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza.

Nikiwa mdogo niliisikia hadithi hiyo ikihubiriwa kama mfano wa kujitoa. Sasa naisikia tofauti kidogo. Rosine ndiye aliyekufa. Krapf alibaki, akaandika, akasafiri, akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwaka 1849, na jina lake liko kwenye vitabu vyetu vyote vya historia. Sisemi hakuumia. Ninachosema ni kwamba kwenye mahubiri yale jina la Rosine lilikuwa halitajwi, alikuwa “mke wa Krapf” basi.

Na Krapf alikuwa na hesabu zake. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo, aliowaona kama mlango wa Afrika yote ya ndani. Alifika pwani akitafuta njia ya kuwafikia. Aliota mnyororo wa vituo vya misheni kukata bara kutoka mashariki hadi magharibi. Kwa hiyo Mrabai aliyemkaribisha kwake alikuwa, kwa namna fulani, kituo cha kupumzikia kwenye safari ya mtu mwingine. Ubaya haupo hapo. Ila upendo wa aina hiyo una ramani mfukoni.

Kuna mtu mwingine wa mwaka huo wa 1844 ambaye hatumtaji sana. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Kadhi, Mwislamu, akimsaidia mmishonari kuiandika Biblia! Alipata nini? Dini yake haikuongezeka hata muumini mmoja kwa kazi hiyo. Labda alikuwa anamwonea huruma mgeni. Labda alipenda lugha yake tu, akitaka iandikwe vizuri. Nikimfikiria huyo sheikh ndipo naona ugumu wa swali langu: nia ya mtu iko kwenye kisima kirefu, na kamba zetu ni fupi.

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann. Wengi wanamjua kwa jambo moja: tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Habari hiyo ilipofika London, mwanajiografia mmoja mashuhuri, William Desborough Cooley, alimkejeli. Theluji karibu na ikweta? Mtu ambaye hajawahi kukanyaga huku alikuwa anamfundisha aliyeuona mlima kwa macho yake. Mwaka 1849 Rebmann alirudi tena Uchagani akitaka kwenda mbele zaidi, lakini zawadi na bidhaa zake zikaishia mikononi mwa mtawala wa Machame. Akarudi pwani mikono mitupu.

Mimi ningerudi kwetu. Rebmann alirudi Rabai na kukaa. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya katika miaka ya 1850, Rebmann akabaki. Mtoto wake alikufa akiwa mchanga. Mkewe, Emma, alikufa mwaka 1866. Waumini waliobatizwa katika miaka yote hiyo walikuwa wachache kiasi kwamba wageni waliopita waliona kama mzee anapoteza muda. Muda wake mwingi aliutumia kwenye kamusi. Mojawapo ilikuwa ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, ambayo aliipata neno kwa neno kutoka kwa mtu aliyeitwa Salimini, aliyekuwa ameletwa pwani kama mtumwa. Macho yakaanza kufifia, mwishowe akapofuka. Alirudi Ujerumani mwaka 1875, miaka 29 baada ya kufika, akafa mwaka uliofuata. Kamusi ile ilichapishwa mwaka 1877, yeye tayari yuko kaburini.

Nilisimama karibu na nyumba ndogo ambayo huonyeshwa wageni kuwa ilikuwa yake, na hasira yangu ikaanza kulegea. Huyu hakupata umaati wa watu, hakupata sifa, hata kitabu chake hakukishika. Nikasema, haya, basi huyu ndiye. Huyu hakuhesabu.

Lakini Rabai haikuisha na Rebmann, na hapa ndipo hadithi inapobana.

Mwaka 1864 walifika Rabai watu waliokuja kujulikana kama Waafrika wa Bombay. Walikuwa wametekwa utotoni huku Afrika Mashariki, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa baharini na meli za Waingereza, kisha wakasomeshwa Nasik, India. Kati yao walikuwa George David, William Jones na Ishmael Semler. Walijua Kiingereza, walijua ufundi, walijua lugha za huku. Kazi nyingi ya kufundisha, kujenga na kuhubiri ilikuwa mabegani mwao. Baada ya Frere Town kuanzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya Mombasa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, wao ndio waliokuwa wakalimani, walimu na wasuluhishi.

Na mshahara? Ulikuwa mdogo kuliko wa mwenzao Mzungu, kwa mbali. Walipolalamika, jibu walilopata kutoka kwa baadhi ya wamishonari mimi nalijua kabisa, ingawa nililisikia miaka zaidi ya mia moja baadaye: kwamba wamekuwa na tamaa, wamejaa majivuno, hawana roho ya utumishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Frere Town ikapata aibu nyingine, malalamiko ya viboko na vifungo walivyopewa watu waliosemekana kuwa huru, hadi maafisa wa Uingereza wakaja kuchunguza.

Mtu anayenikaa akilini ni William Jones. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimfanya shemasi, pamoja na Semler, kisha akamchukua safari ya Uganda. Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wapatao hamsini. Mwezi Oktoba waliuawa Busoga. Walionusurika walikuwa wanne tu. Habari zilipomfikia, Jones aliwakusanya waliobaki na kuwarudisha hadi pwani kwa miguu. Waliingia Rabai Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu yenye neno moja jeupe: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Hannington tunamkumbuka kama shahidi wa imani, na ni haki yake. Wapagazi zaidi ya arubaini waliouawa naye hawana jina kwenye kinywa cha mtu yeyote ninayemjua. Wao waliajiriwa kubeba mizigo. Hakuna aliyewauliza kama wako tayari kufa kwa ajili ya Uganda.

Baadaye Jones alikaa Rabai kama mchungaji, na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakawa wanakimbilia kwake. Msimamo wa misheni ulikuwa kwamba watoro wasipokelewe, kwa sababu ungekuwa ugomvi na mabwana zao na na maafisa wa Uingereza. Jones aliwapokea. Mwaka 1888 wenye watumwa wa Mombasa walipochachamaa, ilionekana kwamba vituo vya misheni vilikuwa na watoro wapatao 1,400, wengi wao Rabai. George Mackenzie wa kampuni ya IBEA akaamua kuwalipa mabwana fidia, na siku ya Mwaka Mpya 1889 watu wakapewa hati zao za uhuru pale pale Rabai.

Sasa niambie nia ya kila mmoja hapo. Kampuni ilitaka biashara yake isiharibiwe na vita. Misheni ilitaka jina lake lisichafuke. Na Jones? Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto aliyeuzwa. Je, huo ni moyo usiojitafutia chochote, ama ni mtu aliyekuwa akimwokoa yule mtoto wa zamani kila mara mtoro alipobisha mlango? Mimi sijui, na sidhani inawapunguzia kitu wale 1,400.

Kwa hiyo nimeacha kupima nia. Yangu mwenyewe hainishindi kusoma tu, hunidanganya. Ile kamera niliipenda pia kwa sababu wasichana wa kwaya waliniona nikiishika. Siku hizi nauliza kitu ambacho kinaonekana kwa macho: anayelipa ni nani, na je, anacholipa ni chake? Macho ya Rebmann yalikuwa yake. Usalama aliouhatarisha Jones ulikuwa wake. Lakini mshahara wa Jones haukuwa wa mtu mwingine kuutoa sadaka kwa niaba yake. Kujitoa ni neno zuri likitoka kwa anayetoa. Likitoka kwa anayepokea, shika mfuko wako.

Swali hilo linanigeukia pia, na hapa ndipo ningependa kunyamaza. Nilipoingia chuo, akina mama wa jumuiya ya nyanya yangu walifanya harambee. Mmoja wao huuza viazi karai kando ya barabara, na alitoa elfu mbili. Mimi nikaacha chuo mwaka wa pili. Kwa muda mrefu nilikuwa nazunguka njia nyingine nisipite pale kwake.

Niliporudi kutoka Rabai jioni ile nilipita. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa. Alinitazama, akafunga viazi kwenye gazeti, akanipa.

“Shikamoo, mama,” nikasema. “Nitakulipa zile pesa.”

“Zipi?” akasema. “Nyanya yako mguu unaendeleaje?”

Huenda alikuwa amesahau kweli. Huenda alikumbuka hadi senti ya mwisho. Nilikula viazi nikiwa nimesimama, vikiwa moto, na Jumamosi iliyofuata nikaenda kumsaidia kubeba gunia.