Uchina Tuliousoma kwa Vigae

Wasomi wakutanapo kujadili fasihi, historia, siasa na jamii ya Uchina, mmoja huchambua riwaya, mwingine nasaba za wafalme, wa tatu chama tawala. Msomaji wa Olumbi ana haki ya kuuliza: sisi watu wa pwani huingia katika ukumbi huo kwa mlango gani? Aghalabu tunatajwa kuwa mahali ambapo Wachina walifika. Ni nadra kutajwa kuwa watu wenye la kusema juu yao.

Ushahidi tunao. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui, wazee wetu walipachika mabakuli ya kauri ya Kichina ili kuwatukuza marehemu wao. Kilwa na Gedi, vigae vya kauri hiyo huwasaidia wanaakiolojia kukadiria umri wa kuta. Mwaka 1945, huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, ilifukuliwa akiba ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Bidhaa hizo nyingi zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Uhindi, Uajemi na Arabuni kabla ya kufika kwetu. Basi tusikimbilie kudai kwamba kila kigae kililetwa na jahazi la Mchina.

Wao, kwa upande wao, waliandika. Duan Chengshi, katika karne ya 9, alieleza nchi aliyoiita Bobali, ambayo wanahistoria wengi huiweka katika pwani ya Somalia. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Ming twiga. Fei Xin, aliyesafiri katika misafara ya Zheng He, aliacha maelezo ya Mogadishu na Barawa. Hapo ndipo tofauti ilipo: wao walituhifadhi kwa maandishi, sisi tukawahifadhi kwa mabakuli.

Tofauti hiyo ilijirudia katika zama zetu. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru. Vijana wa Beijing walijifunza ngeli za nomino wakati shule za pwani hii hazikuwa na mwalimu hata mmoja wa Kichina. Wapiganaji wa FRELIMO waliwajua wakufunzi wa Kichina kambini Nachingwea, ng'ambo ya Ruvuma, lakini walichofundishwa hapo ni silaha na mbinu za vita; fasihi haikuwamo. Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika ilifunguliwa Nairobi mwaka 2005, yaani miaka 44 baada ya matangazo yale. Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kilipata yake mwaka 2012, na Dar es Salaam mwaka 2013. Taasisi hizo zina manufaa, ila tusisahau kwamba mtaala wake hutoka kwa mwenye lugha, na mwenye nyumba hachagui kuwaonyesha wageni chumba chenye nyufa.

Kwa wakazi wa wilaya ya Palma jambo hili si la kujifurahisha kitaaluma. Mwaka 2013 kampuni ya taifa ya mafuta ya Uchina, CNPC, ilinunua asilimia 20 ya Eneo la 4 katika bonde la Ruvuma, kwa takriban dola bilioni 4.2. Gesi ya Coral Sul, inayochimbwa katika bahari iliyo mbele yetu, ilianza kusafirishwa Novemba 2022. Raia anayetaka kuelewa jinsi mbia huyo anavyoamua mambo yake, kampuni ya dola inamtii nani, na jamii yake inajadili nini, hatajibiwa na kigae wala na hotuba ya urafiki. Anahitaji riwaya zao, magazeti yao na historia yao, zikisomwa na mtu wa hapa kwa jicho la hapa.

Mwanafunzi wa Olumbi akitaka kuanza safari hiyo, Dar es Salaam iko karibu naye kuliko Maputo, na lugha ya kuulizia njia anayo tayari.