Uokoaji wa Baharini Katika Pwani ya Kisauni

Uokoaji wa baharini katika pwani ya Kisauni, Mombasa, nchini Kenya, ni kazi ya kujitolea ambayo, kwa sehemu kubwa ya historia yake, imefanywa na wavuvi, manahodha wa mashua na wapiga mbizi wa ufuo wenyewe. Nchini Uingereza shirika la kitaifa la mashua za uokoaji lilianzishwa mwaka 1824, likawa na vituo na mabaharia wake wa kujitolea. Kisauni, kinyume chake, kazi hiyo ilitokana na ujirani na dini, na taasisi za serikali zikaja baadaye.

Umbo la pwani lenyewe lilichangia hali hiyo. Kutoka Mkomani, ambako mkono wa bahari wa Tudor unakutana na bahari kuu, ufuo hupita Nyali, Bamburi na Shanzu hadi Mtwapa. Mbele yake umelala mwamba wa matumbawe, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi yanayoonekana shwari. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji yanapokupwa hutoka kwa kasi kupitia milango ya mwamba, na anayeogelea au aliye kwenye mtumbwi mdogo huweza kuvutwa nje kabla hajatambua. Kuanzia Aprili, kusi huleta mawimbi makubwa, na Juni na Julai ndiyo miezi inayoogopwa zaidi. Ajali nyingi za namna hii hutokea karibu na nchi kavu na huhitaji msaada wa dakika chache, kwa hiyo anayewahi kufika ni yule aliyekuwa ufuoni tangu awali.

Kwa Waislamu wa pwani, kumwokoa anayezama ni fardhi kifaya: wakijitokeza wa kutosha, wengine wamesamehewa, asipojitokeza yeyote, lawama ni ya wote. Aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na kuutafuta mwili wake ili azikwe ni sehemu ya wajibu huohuo. Ndiyo maana msako haukomi matumaini ya uhai yanapokwisha. Wavuvi hufuata mkondo na saa za maji kukadiria mwili utaibukia wapi, na wapiga mbizi waliozoea kutafuta pweza na kamba kwenye mashimo ya mwamba huitwa kusaidia.

Mbinu za kazi zilirithiwa kwa vitendo. Ngalawa ya mti ikipinduka haizami mara moja, hivyo waliomo hufundishwa kuushika mgongo wake na kukaa pamoja, kwa maana kichwa cha mtu mmoja hakionekani katikati ya mawimbi. Chombo cha waokoaji hushusha tanga kabla ya kufika, kikasogea kwa makafi kutoka upande wa chini ya upepo, ili wimbi lisikibamize juu ya watu walio majini. Waathiriwa hupandishwa tezini, mmoja baada ya mwingine, wasije wakakilemea chombo upande mmoja, huku baharia mwingine akifua maji kwa upo. Anayetapatapa hafuatwi kwa mbele: hutupiwa kamba au kipande cha mti, na ikibidi kushikwa, mwokoaji humzunguka na kumkamata kwa nyuma, chini ya makwapa.

Karne ya 19 iliongeza sura nyingine ya uokoaji. Baada ya mkataba wa mwaka 1873, uliomfanya Sultani Barghash wa Zanzibar kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyowabeba. Mwaka 1875 shirika la wamishonari la CMS lilianzisha Freretown, ndani ya Kisauni, kuwapokea waliokombolewa. Kengele iliyotundikwa hapo ilipigwa kuwatahadharisha wakazi wavamizi walipokaribia, na mahali hapo hadi leo panaitwa Kengeleni. Wakati huo safari kati ya Kisauni na kisiwa cha Mombasa ilikuwa ya vyombo vya maji. Mwaka 1931 daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa, na mwaka 1980 likafuatwa na daraja la zege. Wavukaji wakaiacha bahari, lakini wavuvi walibaki nayo.

Utalii ulileta watu wapya majini. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, na boti za kupeleka wageni kwenye matumbawe zikaongezeka. Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, unaojulikana zaidi kama Pirates, sikukuu za Idi, Pasaka na Krismasi hukusanya umati, wakiwemo wageni wa bara wasiojua kuogelea wanaojitosa na matyubu ya kukodi. Waendesha boti na vijana wa ufuoni wakaingia katika kazi ya uokoaji pamoja na wavuvi.

Msiba mkubwa zaidi wa eneo zima la Mombasa ulitokea ng'ambo ya kusini tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka karibu na ufuo na kuua watu 272. Ulidhihirisha kwamba hata umbali mfupi kutoka nchi kavu hauna usalama pasipo maandalizi. Mwaka 2006 kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji wa baharini kilifunguliwa Mombasa, kimoja kati ya vitano vilivyopangiwa Afrika baada ya mkutano wa Florence wa mwaka 2000. Kanuni za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana kama BMU, hadhi ya kisheria, na mwaka 2018 Kenya iliunda kikosi cha walinzi wa pwani. Hata hivyo, gari lilipotumbukia kutoka feri ya Likoni tarehe 29 Septemba 2019, likiwa na mama na mtoto wake, lilipatikana baada ya msako wa takriban wiki 2. Uratibu pekee haukutosha.

Leo kazi hugawanyika kwa ngazi. Kituo cha Mombasa hupokea taarifa za dhiki na kuviarifu vyombo vilivyo karibu. Wanamaji na walinzi wa pwani hushughulikia bahari kuu. Ndani ya mwamba, wa kwanza kufika huwa bado ni mvuvi au mwendesha boti. Mafuta ya mashine mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwenye chombo, na anayekwenda kuokoa huacha mapato ya siku. Hali hii si ya Kisauni pekee: ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria, Bukoba, nchini Tanzania, Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kuifikia, na watu 24 kati ya 43 wakaokoka. Kwa hiyo jaketi za kujiokoa, redio, mafuta na mafunzo ya huduma ya kwanza vinavyopelekwa kwa BMU za Nyali na Bamburi ni sehemu ya msingi ya uokoaji wa taifa, kwa kuwa vinaimarisha mikono inayoifikia ajali kabla ya nyingine zote.